Nilivyochagua tanuri la shanga za kioo hapa Nairobi

Kila muuzaji na kila fundi niliyemwendea aliniuliza jambo moja kwanza: unataka lipande hadi nyuzi ngapi? Kwa mfinyanzi hilo ndilo swali lenyewe, kwa maana udongo hauivi bila moto mkali, na tanuri la vyungu husifiwa kwa joto lake la juu, nyuzi 1,000, 1,200 na kuendelea. Mimi natengeneza shanga za kioo nyumbani, Buruburu, na kioo changu hakiyeyukii ndani ya tanuri. Kinayeyukia kwenye mwali wa gesi, nikikizungusha juu ya kijiti cha chuma kisichoshika kutu, kilichopakwa uji wa udongo ili ushanga uchomoke baadaye. Tanuri ni la kupozea. Kwa hiyo nilichotaka kujua kuhusu kila tanuri ni jinsi linavyoshuka.

Ushanga ukitoka kwenye mwali, sehemu ya nje hupoa na kukaza mapema huku ndani bado kuna moto. Ndani nako kukianza kupoa hutaka kusinyaa, lakini nje kumeshakuwa kugumu, basi mvutano hubaki umefungiwa humo. Ushanga wa namna hiyo unaweza kukaa mezani mzima kabisa, ukatungwa, ukauzwa, ukavaliwa, kisha ukapasuka wenyewe wiki kadhaa baadaye. Dawa yake ni kuuweka kwenye joto ambalo haulegei umbo ila mvutano wa ndani unaweza kuachia, kisha kuuteremsha taratibu. Kwa vijiti laini vya kioo vya Murano, Italia, vile vya namba 104 (namba inayoonyesha jinsi kioo kinavyotanuka kwa joto) ambavyo watengenezaji wengi wa shanga huanza navyo, joto hilo ni kama nyuzi 510 hadi 520. Kioo cha chupa kinataka karibu 550. Kile kigumu cha borosilikati kinataka 560 na ushee. Hakuna hata kimoja kinachodai 600. Anayekuuzia nyuzi 1,280 anakuuzia kitu ambacho shanga zako hazitakigusa kamwe.

Isipokuwa unafuata njia ya Wakrobo wa Ghana. Wao husaga chupa, wakatia unga wake kwenye vikalibu vya udongo pamoja na kijiti cha jani la muhogo, ambacho huungua na kuacha tundu. Hapo ushanga unazaliwa ndani ya tanuri, na lazima tanuri lifike karibu nyuzi 800 au zaidi. Ni kazi nzuri mno, natamani wengi hapa kwetu waijaribu kwa vile chupa tunazo tele, lakini amua mapema ni ipi unayoifanya.

Nilianza na tanuri kuukuu la mfinyanzi, la kufunguka kwa juu. Bei yake ilivutia. Hata hivyo, kila ushanga unaoumaliza unapaswa kuingia tanurini ukiwa bado na moto wake, na ukiinua mfuniko mzima wa juu kwenye nyuzi 515, joto lote linakupanda usoni na shanga zilizotangulia zinapigwa na baridi. Isitoshe, lilikuwa la aina inayojizima kwa koni ndogo ya udongo: koni ikipinda, umeme unakatika, na kuanzia hapo tanuri linashuka linavyotaka lenyewe. Kwa udongo hiyo si shida. Shanga za Kazuri kule Karen, zinazotengenezwa tangu 1975, ni za udongo, na ukitaka kufanya kazi kama hiyo tanuri la hivyo litakufaa. Kwa kioo, mashine isiyojua kushuka haijafanya nusu ya kazi.

La kuagiza kutoka Marekani nililichunguza kwa hamu. Yale madogo ya shanga yana kijilango cha mbele, kipana na kifupi, unachofungua kidogo tu na kupenyeza kijiti, mpini wake ukabaki nje. Wazo hilo la mlango nililichukua lilivyo. Kilichonirudisha nyuma ni umeme. Mengi hutengenezwa kwa volti 120, na sisi tuna 240. Koili ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 inavuta nguvu mara nne ya ilivyokusudiwa, maana yake inaungua. Transfoma ya kushusha volti kwa mzigo kama huo ni nzito na ghali. Wapo watengenezaji wanaouza la volti 240, na ukilipata soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Mimi nilipojumlisha usafiri na ushuru niliona afadhali nitengenezewe.

Ndipo nikaenda Kariobangi Light Industries. Fundi niliyempata alikuwa ameshajenga oveni za mikate na jiko la kuchomea rangi za vyuma, kwa hiyo masuala ya koili na joto aliyajua vizuri. Tulibishana kuhusu ukuta.

"Dada, tumia blanketi la nyuzi za kauri," aliniambia. "Ni jepesi, linapanda upesi, halitakula tokeni zako."

"Na stima ikipotea katikati, fundi, litashika joto kwa muda gani?"

Alifikiri kidogo. "Hapo matofali yanashinda."

Hilo ndilo lililoamua. Yote aliyosema kuhusu blanketi ni kweli, na pengine katika mji ambao umeme haukatiki ningelichukua. Lakini linavyopanda upesi ndivyo linavyoshuka upesi, na stima ikienda wakati kuna shanga ndani, muda wa kupoa taratibu unaliwa. Matofali mepesi ya moto, yale yenye vitundu unayoweza kuyakata kwa msumeno wa mbao, huchelewa kupanda na vilevile huchelewa kuachia joto. Nje yake tulizungushia blanketi, likafunikwa kwa bati kila upande, maana vumbi la nyuzi zile si la kuvuta. Shanga zilizopoa ghafla hazijapotea, mradi hazijapasuka: siku ya pili naziweka tanurini zikiwa baridi, napandisha polepole hadi 515, nazishikilia hapo, kisha naziteremsha upya.

Katika kifaa kizima, kitu ambacho sikukubali kupunguza bei yake ni kidhibiti. Kuna vile vya bei nafuu ambavyo kazi yake ni kushika joto moja tu. Vinatosha wakati unafanya kazi, ila usiku ungelazimika kuamka kila nusu saa kupunguza namba kwa mkono. Nilitaka kidhibiti kinachopangwa hatua kwa hatua, na kinachosoma joto kwa thamokapo ya aina ya K, yaani kipima joto cha nyaya mbili kinachoingia ndani ya tanuri. Changu nimekipanga hivi: kinapanda hadi 515, kinakaa hapo muda wote ninaokuwa kwenye mwali, kinaendelea saa moja baada ya ushanga wa mwisho, kinashuka nyuzi 60 kwa saa hadi 400, kisha kinazima. Mlango naufungua asubuhi. Hizo ni hesabu za shanga za unene wa sentimita moja au moja na nusu. Ukitengeneza vitu vinene, muda unaongezeka. Pale Kitengela Hot Glass, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wanakopuliza vyombo kwa kioo kilichokwishatumika, sharti ni hilohilo la kupoza polepole, ila kwa vitu vikubwa zaidi.

Muulize pia muuzaji kidhibiti kinafanya nini stima ikirudi. Kuna kinachoanza programu upya toka mwanzo, kuna kinachobaki kimezima, na kuna kinachoendelea palepale kilipoachia. Nilichagua kile cha kuendelea.

Sasa usalama, na hapa naomba usimwachie fundi aamue peke yake. Vijiti vyangu ni vya chuma, na vinaingia kwenye chumba chenye koili zilizo wazi zenye volti 240. Kijiti kikigusa koili, mkono wangu uko upande wa pili. Kwa hiyo koili zimezamishwa ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye matofali, zote juu na ubavuni, mbali na njia ya vijiti. Mlango una swichi inayokata umeme wa koili mara tu unapofunguka. Mwili wa bati umeungwa na waya wa arthi. Jambo la nne wengi hawalijui: rilei ya kielektroniki inayowasha na kuzima koili, ikiharibika, mara nyingi huharibika ikiwa imeachia umeme upite. Tanuri litaendelea kupanda bila kusimama, na shanga zote zitayeyuka zishikane, au pawe pabaya zaidi ya hapo. Nilidai kuwe na kontakta ya pili inayokata umeme joto likipita 600. Fundi aliona ni gharama ya bure, nami nikailipa kwa moyo mweupe.

Kuhusu bili, watu huogopa kuliko inavyostahili. Koili zangu ni wati 1,500, yaani ampea sita na kitu, na soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba hadi wati 3,000 hivi. Heata ya kuogea ya papo kwa papo huvuta mara tatu ya hapo au zaidi. Likiwaka mfululizo kwa saa moja litakula yuniti moja na nusu, na likishafika 515 linawaka na kuzima, hivyo linakula kidogo zaidi. Ila lipe soketi yake peke yake, bila waya wa kuongezea, na uliweke juu ya saruji mbali na mapazia.

Kujua kama tanuri linafanya kazi yake, kuna njia isiyo na gharama. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya laptopu, vaa miwani ya jua ya polaroidi, inamisha kichwa mpaka skrini ionekane nyeusi, kisha shika ushanga angavu kati ya macho na skrini. Ukiona mwanga unang'aa ndani yake kama msalaba au mistari, mvutano bado umo. Ukibaki mweusi, umepoa vizuri. Kwa rangi zisizopitisha mwanga jaribio hili halisaidii, basi katika kila mzigo wa shanga za rangi naweka ushanga mmoja angavu wa unene uleule, nao ndio ninaoupima asubuhi kwa niaba ya wenzake.