Nilivyopanga madaraja kwenye ligi ya watoto Mbagala

Msimu wetu wa kwanza wa ligi ya watoto chini ya miaka 13, timu moja ilipigwa 14 bila. Goli la tisa lilipoingia, kipa wao alivua glavu, akaziacha pale langoni, akaenda kukaa chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu. Jumamosi iliyofuata timu ile haikutokea.

Tulikuwa na timu 12 na uwanja mmoja, mechi nne kwa siku, Jumamosi na Jumapili. Kila timu ikicheza na kila timu mara moja tu, hizo ni mechi 66, na nyingi kati ya hizo mshindi alishajulikana kabla jezi hazijavaliwa. Nikagawa madaraja mawili ya timu sita sita. Kwa mizunguko miwili kila daraja lina mechi 30, jumla 60.

Kupanda na kushuka nikaiga kwa wakubwa. Ligi Kuu yetu ina timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, kwa hiyo na mimi nikasema mbili zishuke, mbili zipande. Nilichosahau ni kwamba mtoto anakua. Msimu mpya ulipoanza, timu iliyopanda ilikuwa imepoteza nusu ya kikosi, wamevuka umri. Waliobaki ni vitoto vya miaka kumi, wakala magoli 22 kwenye mechi tatu. Daraja walilipandisha kaka zao, kipigo wakapokea wao.

Halafu wakaja vijeba. Kocha anayeogopa kushuka hana aibu. Mmoja aliniletea kadi ya kliniki imemwagikiwa chai, na chai ile ilikuwa imechagua sehemu moja tu: mwaka wa kuzaliwa. Mwenye kadi aliniamkia kwa sauti nzito kuliko yangu. Tangu hapo nataka cheti cha kuzaliwa, au barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri na picha.

Sasa daraja halirithiwi. Kila msimu tunaanza na makundi matatu ya timu nne, mechi 18 za kupimana. Mbili za juu za kila kundi zinakwenda daraja la juu, zilizobaki la chini. Zinacheza mzunguko mmoja, mbili za mwisho zinabadilishana na mbili za kwanza za chini, pointi zinafutwa, tunaanza mzunguko wa mwisho. Jumla ni mechi 78, wikiendi kumi. Posho ya marefa imepanda na mweka hazina ananung'unika, ila mwaka jana hakuna timu iliyokimbia.

Jambo lingine nimeliazima Nairobi. MYSA, chama cha vijana cha Mathare kilichoanza 1987, huzipa timu pointi kwa kusafisha mazingira. Kwetu timu ikifagia uwanja na kuzibua mtaro wa pembeni inapata pointi moja kwa mzunguko. Msimu uliopita pointi hiyo ya fagio ndiyo iliyoamua nani apande, na kocha aliyeikosa mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Kilichonishinda ni majina. Mama mmoja alinifuata nyumbani: "Baba, mwanangu amerudishwa darasa kwenye mpira?" Nikaona bora nifute neno daraja kabisa. Tukaita kundi la asubuhi na kundi la jioni, kwa saa wanazocheza. Wazazi wakatulia. Watoto hawakudanganyika hata siku moja, maana jioni ndiyo watu wanajaa uwanjani. Siku ya kubadilishana hawaulizi msimamo wala tofauti ya magoli. Wanakuja mbio, jezi mkononi: "Mwalimu, wiki ijayo sisi ni jioni?"