Ng'ombe wa bandani naye anapata ndigana

Huku kwetu Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, karibu kila mwenye ng'ombe wa maziwa anamfugia bandani. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni kidogo, migomba na kahawa vimejaa, pa kuchungia hakuna. Ndiyo maana wengi wanaamini ng'ombe asiyetoka nje hana habari na kupe, wala na ndigana kali, ugonjwa wa kuua ambao kupe huueneza. Imani hiyo inaniuma, maana nimeona mitamba wazuri wakifia kwenye banda safi la sakafu ya zege.

Kupe analetwa na majani. Kiangazi huku mlimani kukikauka, mzigo unapanda kutoka tambarare: mabua ya Kahe, majani ya mpunga ya Chekereni, na majani mabichi ya kandokando ya mifereji, wanakopita ng'ombe wa kuchungwa kila siku. Hayo mabichi ndiyo ninayoyaogopa. Kenta inashusha, mama anajitwika, anamwaga horini, na kupe mwenye njaa yumo humo humo.

Na huyu wetu ndiye dhaifu. Zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, aliyekulia malishoni, akiumwa na kupe tangu ndama na akapona, anakuwa na kinga. Frisiani au chotara wa bandani hana. Kupe mmoja mwenye vimelea vya ndigana anatosha kumwangusha.

Kupe wa ndigana kali ni yule wa kahawia anayependa sikio. Kwa hiyo kila asubuhi, nikishakamua, ng'ombe wangu Upendo akiwa bado anakula pumba, napitisha vidole ndani ya masikio yake, kwenye mikunjo yote mpaka kwenye shina. Aliyeshiba unamgusa mara moja. Mdogo unamhisi kama kigaga kidogo, usipotulia unampita. Faida ya kufanya hivi kila siku ni kwamba vimelea haviingii saa ile kupe anapouma. Lazima anyonye kwanza siku tatu nne hivi ndipo vikomae kwenye mate yake. Ukimtoa mapema umemuokoa ng'ombe. Kunyunyizia dawa ya kupe kunabaki palepale, hasa masika, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukiizimua sana unafuga kupe sugu.

Mkono ukitoka sikioni, ushuke kwenye tezi iliyo chini yake, halafu ile ya mbele ya bega. Ng'ombe mzima tezi hizo unazitafuta. Zikishakuja zenyewe mkononi, toa kipimajoto. Joto likipita 39.5 mimi nampigia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama ng'ombe anakula. Anayesubiri kikohozi na povu puani amechelewa, mapafu yameshajaa maji.

Naomba hapa nieleweke vizuri, wafugaji wenzangu: OTC, ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini, peke yake haitibu ndigana kali. Kila mara nasikia mtu amenunua dukani, amechoma mwenyewe, ng'ombe akachangamka kidogo, kisha akafa. Ipo dawa yake, buparvakwoni, ni ghali, na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Na baada ya sindano yoyote, muulize daktari maziwa yamwagwe siku ngapi. Watoto wa jirani wanayanywa hayo.

Chanjo ipo pia. Wamasai wa kaskazini hii wameitumia miaka mingi kwa ndama wao, sisi wa mlimani tumebaki nyuma. Ng'ombe anachomwa vimelea vyenyewe pamoja na OTC ya muda mrefu kwa wakati mmoja, anaumwa kidogo au asiumwe kabisa, halafu kinga inakaa miaka. Ugumu wake ni kwamba inahifadhiwa ikiwa imeganda kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi kali mno, na ikishayeyushwa hairudishwi. Mrija mmoja ni wa ng'ombe wengi, kwa hiyo mtaalamu hawezi kuufungua kwa ajili ya ng'ombe wako mmoja.

Ndiyo maana kwetu tunaorodhesha ndama na mitamba wa kitongoji kizima, tukifika idadi tunamwita. Kama uko Uru na una ndama, mpitishie jina lake mama yeyote tunayepeleka naye maziwa asubuhi.