Corolla AE100: gia zilikuwa zinaingia mapema mno

Corolla yangu ya 1993, otomatiki ya gia tatu, ilianza kubadili gia kabla ya wakati. Gia ya pili iliingia hata sijafika kilomita 20 kwa saa, ya tatu ikafuata papo hapo. Kupanda mlima wa Kitonga, kule Iringa, ndiyo ilikuwa mateso: injini inanguruma, gari halivuti.

Fundi wa kwanza akasema giaboksi imekufa. Nilikataa. Nikapima kwanza mafuta ya gia, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, lever ya gia kwenye P (Park). Yalikuwa mekundu, hayanuki kuungua, kipimo sawa.

Basi nikaenda kwenye kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) kuingia giaboksi. Giaboksi hii ya gia tatu haitumii kompyuta kubadili gia. Kebo hii ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, giaboksi inadhani unaenda taratibu, presha ya mafuta ya gia inashuka, gia zinaingia mapema na kuteleza. Ukiendelea hivyo, klachi za ndani zinaungua.

Mdogo wangu akakanyaga pedali hadi chini. Kwenye kebo kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa; kinatakiwa kitokeze kwenye ncha ya mpira kwa milimita 0 hadi 1. Changu kilikuwa bado kimejificha ndani. Nati zilikuwa zimelegea, nadhani tangu injini ilipofunguliwa. Nikavuta ganda la kebo nyuma kidogo kidogo, nikabana nati zote mbili.

Usizidishe: kebo ikikaza sana, gia zinachelewa na kugonga.

Sasa Kitonga napanda na gia ya pili, inavuta vizuri.