Nusu siku Grenada na mama yangu

Mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba, kakulia chini ya mikarafuu. Ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Alipokuja kunitembelea Toronto nikaamua kumpeleka Grenada, kisiwa cha Karibea, kwa wiki moja, na nia yangu ilikuwa moja: aione mikungumanga. Kisiwa hicho kimeweka kungumanga hata kwenye bendera yake.

Ziara ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa ya basi, vituo sita kwa saa nne. Nikapiga hesabu: kabla mama hajamaliza kushuka ngazi za basi, wenzake wangekuwa wanaitwa kupanda. Nikaiacha. Nikatafuta dereva anayetembeza wageni kwa gari lake mwenyewe, nikamwambia tunataka sehemu tatu tu. Bei tulipatana kabla ya kupanda, na nilimuuliza ni dola zipi, maana huko wanatumia dola ya Karibea ya Mashariki, na dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao. Ukisikia "dola mia" usinyamaze, uliza.

Tulitoka saa mbili na nusu asubuhi. Mama nilimkalisha mbele kwa sababu barabara ya pwani ya magharibi kwenda Gouyave ni kona juu ya kona. Wanaendesha kushoto kama sisi, hilo lilimtuliza.

Gouyave kuna ghala kubwa ambamo kungumanga hukaushwa na kuchambuliwa. Dereva alipanga nusu saa. Tulikaa saa moja na robo, na sijutii hata dakika. Mwenyeji wetu alipasua tunda bichi: nyama yake ya manjano, na katikati kokwa la kahawia linalong'aa, limevikwa wavu mwekundu. Ndiyo basibasi yenyewe. Mama hakungoja maelezo. Aliubandua ule wavu kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, akianzia chini, ukatoka mzima bila kukatika. Mwanamke aliyekuwa akichambua pembeni aliacha kazi yake akamtazama.

"Muulize," mama akaniambia, "kungumanga wanaanika juani au kivulini?"

Nikatafsiri. Kivulini, kwenye vichanja, wiki sita hadi nane, mpaka ukilitikisa kokwa usikie linagonga ndani ya gamba lake. Kisha hubanjwa na kutiwa majini: nzito huzama, nyepesi huelea na kuwekwa kando. Mama akaokota moja, akaitikisa sikioni, akaniwekea na mimi sikioni. Miaka yote nimekula haluwa yenye kungumanga, sikuwahi kuusikia mlio ule.

Tukirudi kusini, dereva alitusimulia tufani ya Ivan ya Septemba 2004. Kabla yake Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Miti mingi iling'oka ndani ya siku moja, na mkungumanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Shamba la baba yake, alisema, halikubaki na mti. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwambie habari za tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, ndiyo maana hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Dereva alipunguza mwendo ili asikie vizuri. "Na wa Unguja walifanyaje?" akauliza. Mama akajibu kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo, maana swali lile alilielewa kwa kumtazama dereva usoni: "Walipanda tena, mwanangu." Nikamtafsiria hilo pia.

Maporomoko ya Annandale yanafikika kwa njia fupi iliyosakafiwa, kwa hiyo magoti hayakulalamika. Ziwa la Grand Etang liko kwenye kreta ya volkano, zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na ukungu ulikuwa umelifunika. Tulikaa dakika kumi tu. Mama alijitanda kanga, alisikia baridi.

Ngome ya St. George's, mji mkuu, tuliiacha, nami niliitamani sana. Badala yake dereva alitupitisha kwa mama mmoja anayepika oil down, chakula chao cha taifa. Mama yangu alipofunuliwa sufuria akacheka kwa furaha: shelisheli kwenye tui la nazi, na manjano.

Saa saba na nusu tulikuwa hotelini. Ule wavu wa basibasi, mwenyeji alikuwa ameturuhusu tuuchukue, mama akautandaza juu ya leso dirishani, upande wa kivuli.