Pesa ya matibabu Chennai: tulivyoizuia isiishie kwenye makato

Pesa tuliyokwenda nayo India haikuwa yangu wala ya Mama. Ilikuwa ya ukoo mzima. Shangazi aliuza ng'ombe, wajomba walichangishana, na kina mama wa kikoba chake pale Tanga walituma elfu tano tano kwa simu, huku kaka yangu akiandika kila jina kwenye kundi la familia. Mtu anapokutolea elfu tano ili mama yako abadilishiwe valvu ya moyo, inauma kuona elfu tano hiyo inamezwa na mashine ya ATM kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu mapema. Kwa hiyo kabla hata ya kukata tiketi, mimi na kaka tulikaa mezani tukajiuliza swali moja tu: kila aina ya matumizi, pesa yake ipite njia gani?

Fungu kubwa lilikuwa la hospitali. Wengi nyumbani walitushauri tubebe dola mkononi zote, "ukifika unalipa, unapewa risiti, kwisha." Haiendi hivyo. Tangu 2017 sheria ya India inakataza mtu au taasisi kupokea fedha taslimu za rupia laki mbili au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, au kwa jambo lile lile moja hata ukilipa kidogo kidogo. Upasuaji wa moyo unapita hapo kwa mbali. Isitoshe, ukiingia India na noti za zaidi ya dola 5,000 lazima uzitangaze forodha. Na mwanamke anayemsukuma mamaye kwenye kiti cha magurudumu hana mkono wa tatu wa kukumbatia mkoba wa dola.

Tulituma TT, yaani pesa inayohamishwa kutoka benki hadi benki ya nchi nyingine. Hospitali ilitupa karatasi ya makadirio yenye namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaotambulisha benki yao, kaka akaipeleka benki Dar. Pale kwenye fomu kuna kisanduku kidogo ambacho karani mara nyingi hukijaza mwenyewe bila kukuuliza: nani anabeba gharama za kutuma. Herufi zake ni OUR (anayetuma), SHA (mnagawana) na BEN (anayepokea). Ukiweka SHA, benki za katikati ambazo pesa inapitia zinaweza kujikatia chao humo humo, na hospitali inapokea pungufu. Ukiweka OUR unalipa zaidi pale dirishani, lakini kiasi ulichoandika ndicho kinachokusudiwa kufika. Kaka aliomba OUR na akasimama hapo hapo mpaka ikaandikwa. Baadaye nilikutana na familia nyingine kwenye nyumba tuliyopanga; TT yao ilifika ikiwa imepungua dola kadhaa, na ofisi ya hesabu ikawataka wajazie kwanza ndipo mgonjwa apewe kitanda. Kwao pengo lile lilikuwa dogo kwa pesa, kubwa kwa usumbufu.

Mambo mengine mawili kuhusu TT. Ada yake kwa sehemu kubwa haitegemei kiasi, hivyo ni afadhali kusubiri michango ikusanyike na kutuma mara moja kuliko kutuma vipande vipande. Na bei ya dola iliyoandikwa kwenye ubao wa benki si amri. Kwa kiasi kikubwa unaweza kuomba bei maalumu. Kaka aliomba, karani akapiga simu makao makuu, wakamshushia. Kwenye sehemu ya maelezo tuliandika jina la Mama na namba yake ya mgonjwa, ili pesa isikae inaelea kwenye akaunti ya hospitali bila kujulikana ni ya nani. Kaka akaniandikia, "Dada, imeondoka," akanitumia na picha ya nakala ya TT. Nakala hiyo niliionyesha pale hospitali mara nyingi kuliko nilivyoonyesha pasipoti.

Sasa maisha ya kila siku. Hapa ndipo pesa huvuja bila mtu kuona, kwa sababu inatoka kidogo kidogo.

Kwa chakula, pango, usafiri na dawa tulibeba dola taslimu, noti za mia mia za toleo jipya, safi, zisizokunjwa. Eneo la Greams Road, Chennai, limejaa nyumba za wageni zinazopokea wagonjwa wanaotoka nje ya India, na maduka ya kubadilisha fedha yanafuatana. Yule wa kwanza niliyemwendea alitoa noti moja baada ya nyingine, akazipitisha kidole gumba pembeni, akaziinua kwenye taa, kisha akaisogeza moja upande wa kushoto. Kulikuwa na alama ndogo ya wino wa kalamu pembeni. "Madam, hii hapana." Mama aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu akasema, "Mwanangu, dola si ni dola?" Kwa yule bwana hapana. Kwa hiyo ukichukua dola zako Dar, zikague hapo hapo dirishani, moja moja, na urudishe yenye doa kabla hujatoka.

Niliuliza bei duka la kwanza, la pili na la tatu kabla ya kubadilisha hata senti. Mwaka huo, 2024, dola ilikuwa ikizunguka kwenye rupia 83 na 84 sokoni. Dirisha lililokuwa ndani ya hospitali lilitoa bei ya chini kuliko maduka yote ya nje, na la uwanja wa ndege lilikuwa chini zaidi. Pale uwanjani nilibadilisha ya teksi tu. Tofauti ya rupia mbili kwa dola inaonekana si kitu. Kwa dola elfu moja ni rupia elfu mbili, na kwetu hiyo ilikuwa chakula cha siku kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi. India inatoza GST, kodi yao ya bidhaa na huduma, kwenye huduma yenyewe ya kubadilisha fedha. Kwa kiasi kisichozidi rupia laki moja inahesabiwa asilimia 18 ya asilimia moja ya kiasi hicho, lakini haishuki chini ya rupia 45. Maana yake, ukibadilisha dola ishirini leo na ishirini keshokutwa, kila mara unalipa 45 kamili. Ukibadilisha kiasi cha kufikia rupia elfu 25 kwa mpigo, unalipa 45 ile ile. Basi nikawa nabadilisha dola mia tatu tatu, ya wiki kadhaa, nikiweka rupia kwenye mkoba wa shingoni na nyingine kwenye sanduku lenye kufuli.

ATM tuliiweka kwa dharura. Kadi yangu ilikuwa ya akaunti ya dola, na hilo lina faida: pesa inageuka mara moja tu, dola kwenda rupia. Ya akaunti ya shilingi inaweza kugeuka mara mbili, na kila mgeuko una mlaji wake. Mashine nyingi za kule hazitoi zaidi ya rupia elfu kumi kwa kadi ya kigeni, na yenyewe inakata ada yake isiyobadilika, halafu benki yako nyumbani inakata ya kwake. Ada ya rupia 250 kwenye elfu kumi ni asilimia mbili na nusu. Ada hiyo hiyo kwenye elfu mbili ni asilimia kumi na mbili na nusu! Ukilazimika kutoa, toa hadi kikomo.

Kabla mashine haijahesabu noti, inaweza kukuuliza kitu kinachofanana na hisani: je, ungependa kukatwa kwa pesa ya nyumbani kwako, kwa bei hii hapa? Kataa. Chagua ukatwe kwa rupia. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilishia, na anaipanga kwa faida yake. Swali hilo hilo hutokea kwenye mashine za kadi madukani na kwenye famasi. Nilimfundisha hata mdogo wangu alipokuja kunipokea zamu: soma skrini mpaka mwisho, bonyeza rupia.

Laini yangu ya Tanzania sikuitoa kwenye simu. Namba za siri za benki zinakuja kwa meseji, na bila ile laini kadi haifanyi kazi mtandaoni. Nilizima data tu, meseji zikawa zinaingia.

Wauza matunda na madereva wa bajaji wa Chennai wanapenda ulipe kwa kuskani msimbo wa UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu, na wengi hawana chenji ya noti ya mia tano. Kwa wageni kuna pochi ya UPI One World, iliyoanzishwa 2023 wakati wa vikao vya G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, na baadaye ikafunguliwa kwa watu wa nchi zote. Unaifungua kwa pasipoti na viza mbele ya wakala, unaijaza kwa fedha, huhitaji akaunti ya benki ya India. Iliniondolea mabishano mengi ya chenji barabarani.

Dawa ndiyo sehemu iliyonifurahisha. Kila pakiti India imechapishwa bei ya juu kabisa, MRP, kodi ikiwa ndani, na muuzaji haruhusiwi kuipita. Nilimwomba daktari aandike jina la kitaalamu la dawa badala ya jina la kampuni, kisha zile zilizowezekana nikazinunua kwenye maduka ya mpango wa serikali wa Jan Aushadhi, ambako bei ni ya chini sana. Zilizohusu damu ya Mama kutoganda sikuzibadilisha bila ruhusa ya daktari wake. Chakula tulipika wenyewe ili chumvi yake isizidi. Siku nilizochoka nilikwenda kwenye migahawa ya Amma Unavagam, iliyoanzishwa 2013 kwa fedha za umma, ambako idli moja, kitumbua chao cha mchele kinachopikwa kwa mvuke, inauzwa rupia moja.

Risiti zote za kubadilishia dola nilizitunza, kwa sababu ndizo zinazokuruhusu kugeuza rupia zilizobaki kuwa dola siku ya kuondoka. Kiasi kilichobaki kwenye pesa tuliyotanguliza hospitali hatukupewa mkononi. Walikirudisha kwenye akaunti iliyotuma. Kaka hakuifunga mpaka pesa ilipoingia, akaandika kiasi kwenye kundi, na shangazi akasema iwekwe kwa ajili ya kliniki za Mama za Muhimbili.