Nondo iliyozama kwenye kiwanja cha mama mdogo

Mimi ni fundi mwashi, na udongo naupima kwa nondo. Kiwanja cha mama mdogo hapa Mbeya kinateremka hadi kijitoni, naye alitaka nyumba bondeni kabisa, karibu na maji. Nikachomeka nondo ya milimita 12. Ikazama karibu mita tatu, nasukuma kwa mikono tu, ndipo ikagonga mwamba.

"Mwanangu, wewe chimba tu. Tetemeko ni la Mungu."

Sawa mama, la Mungu. Ila hilo tope umelichagua wewe.

Wimbi la tetemeko hukimbia kwenye mwamba. Likiingia kwenye udongo laini linapunguza mwendo na kujibana, kama malori yanapoanza kupanda Mlima Nyoka: la mbele linatambaa, ya nyuma yanasongamana. Wimbi likisongamana hivyo linainuka, na ardhi inacheza zaidi.

Mwaka 1985 tetemeko lilianzia pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, lakini mji huo ndio ulioumia vibaya, hasa sehemu zilizojengwa juu ya ziwa la kale. Matope yale yana kina kirefu, kwa hiyo yaliyumba taratibu, kama sekunde mbili kwenda na kurudi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 nayo huyumba kwa mwendo unaokaribia huo, yakaporomoka kuliko mengine.

Niliposoma hivyo nikafurahi: nyumba ya mama mdogo ni ya chini, haina ghorofa! Kumbe nimefurahi mapema. Kuna hesabu moja ya mafundi wakubwa: kina cha udongo laini mara nne, gawa kwa mwendo wa wimbi. Mita tatu mara nne ni 12. Nikikadiria mwendo wa mita 120 kwa sekunde, napata sehemu ya kumi ya sekunde: ndio muda wa tope hilo kuyumba kwenda na kurudi. Na nyumba ya matofali isiyo na ghorofa huyumba hapohapo! Tope la kina kifupi ndilo baya kwake.

Tulibishana wiki nzima. Mwisho nikampeleka upande wa juu wa kiwanja, nondo ikagota futi mbili tu. Msingi tumeusimamisha hapo, na linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nimeizungusha nyumba nzima bila kukatisha. Bondeni kapanda magimbi. Analalamika mpaka leo kwamba maji yako mbali, na ndoo ananibebesha mimi.