Kwa nini ndizi haina mbegu? Iulize meiosisi

Mwanafunzi wa form four hata ukimwamsha saa nane usiku atakutajia hatua zote za mitosisi, ile ya seli moja kugawanyika kuwa mbili zinazofanana, profasi metafasi anafasi telofasi, hakosei hata moja, alafu muulize kaswali kadogo tu, kwa nini ndizi unayokula haina mbegu, ataanza kuangalia dari. Na jibu liko kwenye topiki hiyo hiyo aliyoikariri jana. Hiki kitu kinaniuma kidogo kwa sababu kwetu Kagera nyumba imekaa katikati ya migomba, ukifungua mlango wa jikoni unapishana na majani, na bado tulifundishwa kugawanyika kwa seli kwa kuchora maduara ubaoni, ndani ya maduara vijiti vya rangi mbili, basi.

Tuanze na mitosisi manake ndo rahisi. Lile gogo la mgomba unaloliona sio shina, ni majani yamekumbatiana tu, shina lenyewe liko chini ardhini, fupi na nene, na ubavuni mwake lina macho. Jicho moja likiamka seli zake zinaanza kugawanyika, na kila seli kabla ya kugawanyika inanakili kwanza DNA yake yote, kwa hiyo kila kromosomu, yaani kile kijiti kilichobeba DNA, inakuwa na nusu mbili zinazofanana zimeshikana sehemu moja, zinajipanga mstari katikati ya seli, nyuzi zinakuja kutoka pande mbili na kuzivuta, nusu moja huku na nyingine kule, alafu ukuta unajengwa kati yao. Ilikuwa seli moja yenye kromosomu 33, sasa ni mbili na kila moja ina 33 zile zile. Rudia hivo mara nyingi mno unapata chipukizi linatoboa udongo, unalikata na panga, unampelekea jirani anapanda kwake. Hapo hakuna chavua, hakuna baba, hakuna kuchanganya damu. Kule shambani tunasema kila shina liwe na mama, mtoto na mjukuu, mengine ng'oa, ila ukiangalia vinasaba hao wote watatu ni mmea mmoja.

Na sio hao watatu tu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliolinganisha vinasaba vya hizi ndizi zetu za kupika na za pombe za nyanda za juu, zile za Uganda, Bukoba, Rwanda, Burundi na Kivu, wakakuta zinafanana mno kiasi kwamba inaonekana zote zimetokana na mgomba mmoja wa zamani. Majina yapo makumi kwa makumi, kila kijiji kina lake, hii ya rubisi (pombe ya ndizi), hii ya matoke (ya kupika), hii ya wageni, na tofauti zenyewe ni makosa madogo madogo ya kunakili yaliyojikusanya wakati watu wanagawiana machipukizi kizazi hadi kizazi. Yaani mitosisi inanakili vizuri sana ila sio malaika.

Ukitaka kuiona kwa macho hauhitaji mgomba, chukua kitunguu maji, kiweke juu ya glasi ya maji kitako kiguse, baada ya siku chache mizizi inatoka. Kata ncha kabisa, milimita mbili tu, huko juu hakuna kitu manake seli zimeacha kugawanyika zinarefuka tu. Loweka kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na kupashwa moto kidogo ili seli ziachiane, tia rangi ya asetokamini, funika kwa kioo chembamba alafu kandamiza kwa dole gumba bila kukisogeza, ukikisogeza umeharibu kila kitu. Kwenye hadubini seli nyingi utakazoona zina kiini cha duara kilichotulia, hizo hazijaanza, lakini tafuta taratibu utakuta moja kromosomu zake ziko katikati kwenye mstari na jirani yake zimeshavutwa pande mbili. Kitunguu kina kromosomu 16, ukipata seli iliyokandamizwa vizuri unaweza kuzihesabu. Kwa maoni yangu hiyo nusu saa ina thamani kuliko wiki nzima ya ile michoro.

Sasa meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza seli za uzazi. Hii iko kwenye viungo vya uzazi tu na kazi yake ni kupunguza kromosomu kwa nusu, sisi watu tuna 46 tunatoa yai au mbegu yenye 23, vinginevyo kila kizazi kromosomu zingejirudufu. Ila ugumu hauko kwenye kupunguza, uko kwenye kupunguza kwa mpango. Baada ya kunakili DNA, kila kromosomu inamtafuta mwenzie, namba moja ya baba inalala ubavuni mwa namba moja ya mama, zinabanana kabisa na zinakatana vipande zinabadilishana, ndo maana hufanani na kaka yako moja kwa moja. Alafu mgawanyiko wa kwanza unatenganisha wenza, wa pili unatenganisha nusu zile zilizonakiliwa, seli moja inaishia kuwa nne. Kila jozi inaamua yenyewe nani aende wapi, na kwa jozi 23 michanganyo inafika zaidi ya milioni 8, hapo hata hujahesabu vile vipande vilivyobadilishana.

(Kitu kingine ambacho huwa kinanishangaza hapa: mwanamke mayai yake yanaanza meiosisi kabla hajazaliwa na yanasimama katikati, wenza wamebanana hivo hivo, miaka na miaka. Yai lililokutoa wewe lilianza hiyo kazi mama yako akiwa bado tumboni kwa bibi yako. Na ndo moja ya sababu mama akiwa na umri mkubwa uwezekano wa kromosomu kutoachana vizuri unapanda, ile namba 21 zikabaki mbili upande mmoja, mtoto anazaliwa na 21 tatu.)

Turudi kwenye ndizi. Mgomba wa porini, wale wahenga wake wa Asia ya kusini mashariki, una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, wenza wanakutana vizuri, tunda linajaa mbegu nyeusi ngumu za kuvunja jino. Wetu una 33, seti tatu. Mitosisi haijali, yenyewe inanakili na kuvuta, 33 au 22 au 16 kwake sawa. Meiosisi inapofika kwenye kutafuta wenza ndo inakwama, kila kromosomu ina wenza wawili, wawili wakienda huku mmoja anaenda kule, na kila kundi kati ya yale 11 linaamua kivyake. Piga hesabu mwenyewe: ili yai lipate 11 kamili au 22 kamili inabidi makundi yote 11 yaelekee upande mmoja, hiyo ni bahati ya 1 kwa 1024. Zinazobaki zinatoka na mchanganyiko wa ajabu, namba hii mbili, namba ile moja, na hazifai kitu.

Chukua ndizi mbivu ikate kati kwa kisu, sio kwa urefu, kwa mapana. Utaona sehemu tatu zinakutana katikati na kwenye maungio kuna vidoti vyeusi vidogo vimejipanga. Watu wanaviita mbegu lakini ukivipanda mpaka kiama havioti, ni vijiyai ambavyo havikuwahi kurutubishwa. Na kwa nini tunda limejaa bila mbegu? Hiyo ni habari nyingine, ni vinasaba vingine kabisa vinavyoruhusu tunda kunenepa bila kurutubishwa, na ndo maana mchare wa Kilimanjaro ambao una 22 tu nao hauna mbegu. Kwa hiyo usije ukaandika kwenye mtihani kwamba kila isiyo na mbegu ina seti tatu.

Na hizo seti tatu zenyewe zilitoka wapi, si kwenye meiosisi hiyo hiyo! Kuna siku mgomba wa seti mbili ulishindwa kupunguza, ukatoa gameti (seli ya uzazi) yenye 22 badala ya 11, ikakutana na ya kawaida ya 11, tayari 33. Zile ndizi za supamaketi za Ulaya, Cavendish, zilizaliwa hivo, na watafiti wakimtafuta mzazi aliyetoa zile 22 ndugu zake wa karibu wanawakuta kwenye kundi la mlali na mchare, ndizi za huku huku kwetu na Komoro. Wachaga mnaruhusiwa kuringa kidogo.

Ubaya wa kuishi kwa mitosisi tupu ni kwamba ugonjwa ukipata njia ya kuingia mmoja umeingia wote. Gros Michel ndo ilikuwa ndizi ya biashara ya dunia, fangasi wa mnyauko wa Panama akaimaliza kwenye mashamba makubwa, ilipofika miaka ya 1960 Cavendish ikawa imeshika nafasi. Sasa kuna aina mpya ya fangasi huyo inayoua na Cavendish pia, na mwaka 2013 ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, sio mbali na sisi.

Kwa hiyo watu wa kuzalisha mbegu bora inabidi waibembeleze meiosisi. Wanachofanya Uganda na hapa kwetu ni hivi: wanachukua matoke zile chache ambazo maua yake ya kike bado yana uhai, asubuhi wanapaka chavua ya mgomba wa porini kwa mkono, ua kwa ua, na mikungu mingine haitoi hata mbegu moja. Ikipatikana mara nyingi ni kwa sababu yai halikupunguza kabisa, limebaki na 33, ukijumlisha 11 za chavua unapata mgomba wa 44. Huo una seti nne, wenza wanapatikana, meiosisi inatembea. Kijusi wanakitoa kwenye mbegu wanakikuza maabara, mmea ukikua wanaukutanisha na mwingine wa 22 wenye kinga, 22 jumlisha 11, mmerudi kwenye 33 na mbegu zimepotea tena. Ni kazi ya miaka mingi, na ndo imetoa zile aina za migomba zinazoitwa TARIBAN 1 mpaka 4 zilizoruhusiwa Tanzania mwaka 2021. Ukiitaka usitafute mbegu yake dukani, ongea na mwenye nayo akukatie chipukizi, na hakikisha shina alilokatia halina mnyauko na panga lake limepitishwa motoni kwanza.